Chavua ya nyuki wa Gongoni: inatoka mimea ipi, na kopo liandikwe nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mizinga minne ya Langstroth mwisho wa shamba la minazi la baba huku Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na mikoko haiko mbali. Duka moja mjini liko tayari kununua chavua ya nyuki kwangu, ila wanataka na maneno ya kubandika kwenye kopo. Wakanionyesha kopo la kutoka nje: "Protini 40%, vitamini zote ikiwemo B12, chakula kamili." Naweza kuandika hivyo hivyo? Chavua yetu inatoka mimea gani, na ndani yake mna nini hasa? Halafu mama yangu ana kisukari, na jirani kamwambia vijiko viwili kila asubuhi vitamponya. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maneno ya kopo lile usiyanakili. Sina haja ya kuwaita waongo. Pengine hiyo 40% ilipimwa kweli, kwa chavua ya mmea fulani, mahali fulani, msimu fulani. Lakini kopo lako litajazwa na minazi ya babako na miti ya Gongoni, na chavua haina kipimo kimoja kinachoenea dunia nzima. Nyuki haitengenezi. Anaikusanya kwenye maua, anailowesha kwa asali kidogo aliyobeba tumboni, anaifinyanga na kuipachika miguuni. Protini, mafuta, madini na vitamini zilizomo ni za ule mti alikotoka. Kwa hiyo swali lako la mimea na swali lako la lishe ni swali moja, na ukikosea la kwanza, la pili halijibiki.

Anzia mlangoni mwa mzinga. Saa moja na nusu asubuhi, jua likishapanda kidogo, kaa ubavuni, si mbele ya mlango, uwatazame nyuki vibarua wakirudi. Wengine wanaingia miguu mitupu. Hao wamebeba nekta au maji. Wengine wana punje mbili, moja kila mguu wa nyuma, zimekaa kwenye kijibonde kilichozungushiwa vinywele vigumu. Angalia rangi: manjano iliyofifia karibu na nyeupe, rangi ya chungwa, kijivu, kahawia. Nyuki akiwa safarini hushika aina moja ya ua mpaka arudi nyumbani, mara nyingi hivyo, ndiyo maana punje moja huwa na rangi moja na kwa kawaida mmea mmoja. Punje ina uzito wa miligramu 5 hadi 10 hivi. Piga hesabu: kilo moja ya kuuza ni punje laki moja na zaidi, na kila mbili ni safari ya nyuki mmoja. Nikisikia mteja analalamikia bei ya chavua, hamu yangu ni kumpa kibano azihesabu.

Huko kwenu mti wa kwanza ni mnazi. Karara, yaani ganda linalofunika maua machanga, likipasuka, upunga unatoka na vijiti vingi vilivyojaa maua madume, na maua majike machache yamekaa chini kwenye shina la kila kijiti. Madume ndiyo yanayofunguka kwanza, kidogo kidogo, kwa wiki mbili hadi tatu, kisha yanapukutika. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo shamba la minazi halikosi mti uliochanua, masika wala kiangazi. Kwa mfugaji wa nyuki hii ni neema ambayo watu wa bara hawana; kwao chavua huja kwa misimu, ikakatika. Chavua ya mnazi ni ya manjano hafifu, na si jambo la kwetu tu: huko Bahia, pwani ya Brazil, ambako chavua ya nyuki huvunwa kwa biashara kubwa, minazi ndiyo chanzo kikuu.

Ila niulizie: minazi ya babako inagemwa? Mnazi unaogemwa haufungui maua. Karara hufungwa kamba na kukatwa ncha kabla halijapasuka, tembo likachuruzika kibuyuni. Nyuki watakuja, tena kwa wingi, lakini watakuja kunywa, na wengine mgema atawakuta wamekufa humo humo. Chavua hawapati. Kama nusu ya shamba iko mikononi mwa wagema, usitegemee mnazi peke yake.

Mikoko ni habari ndefu zaidi, na watu huifupisha mno wanaposema "asali ya mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Kenya ina aina 9 za miti hiyo, na zaidi ya nusu ya eneo lake lote liko Lamu. Mchu ndio mti wa nyuki hasa: maua yake ni madogo, ya manjano yanayokaribia rangi ya chungwa, yana nekta na harufu, na nyuki huyasakama. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, humwaga chavua nyingi laini ya kuchukuliwa na upepo. Nyuki huokota pia, lakini mti haukuiweka kwa ajili yao. Mlilana hufungua maua yake usiku kwa ajili ya popo. Alfajiri zile nyuzi zake nyeupe bado zimebakiza chavua, na nyuki wa mapema hufika kuokota masalio kabla hazijaanguka majini. Nyuki mmoja akienda mchuni na mwingine akaenda kwenye mililana, watarudi na chavua mbili tofauti ilhali wote wametoka "mikokoni".

Kisha shamba. Mahindi yaliyopandwa mvua za masika zilipoanza hutoa mbelewele kama miezi miwili baadaye, na ingawa mahindi hayahitaji nyuki, nyuki huyahitaji: utawaona asubuhi na mapema wakipanda na kushuka kwenye mbelewele, kabla jua halijakausha na upepo haujapeperusha. Mpera hutoa chavua kwa ukarimu. Mzunze, mwarobaini, mkwaju na mkorosho huchangia, kila mmoja kwa wakati wake. Kuelekea mashamba ya chumvi na Tana kuna mathenge, mti uliotuletea balaa kwa mifugo na malisho, lakini nyuki hawajui habari hizo. Kwao ni chakula. Mwembe usiuwekee matumaini: maua ni mengi na yananukia, lakini wageni wake wakubwa ni nzi, na kila ua lina chavua kidogo sana.

Kuna mimea ambayo mtu angetegemea iwe ya kwanza, nayo sivyo. Malenge na pamba ni mfano. Chembe zao za chavua ni kubwa, zimepita sehemu ya kumi ya milimita, na zina miiba. Hazikubali kufinyangwa. Utamwona nyuki anatoka ndani ya ua la pamba mwili mzima umepakaa unga wa manjano, kisha anatua jani la jirani na kujipangusa mpaka uishe, anarudi na nekta tu. Kwa hiyo mwenzako wa Mpeketoni mwenye ekari za pamba hana haki ya kuandika "chavua ya pamba", hata kama mizinga iko katikati ya shamba. Ufuta wake, ndiyo, utamfaa.

Na wewe usiandike "chavua ya Arabuko-Sokoke" kwa sababu jina hilo linauza. Msitu ule uko kusini mwa Malindi, nyuki wako hawafiki. Kazi zao nyingi ziko ndani ya kilomita 3 kutoka mzingani. Chukua siku ya kutembea mzunguko huo, kila mwezi ukiweza, uandike kilichochanua. Daftari hilo litakusaidia kuliko kopo lolote la nje.

Rangi peke yake si ushahidi, maana mimea mingi ina chavua ya manjano. Anayetaka uhakika hutumia hadubini: unachukua ua unalolijua, unatikisa unga wake kwenye kioo, unatazama, unachora, halafu unayeyusha punje ya nyuki kwenye tone la maji na kulinganisha. Chembe ya mahindi ni kubwa, ya mviringo, laini, ina tundu moja. Ya mnazi ni ndefu kidogo, ina mfereji mmoja. Ya pamba utaijua kwa miiba. Mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya karibu akikukubalia saa moja ya maabara, utajifunza hayo yote.

Sasa ndani mna nini. Chavua mbichi iliyovunwa kwa mtego wa mlangoni mwa mzinga ina maji asilimia 20 hadi 30. Ikikaushwa, vipimo vilivyochapishwa katika nchi mbalimbali vinaonyesha protini kati ya 10% na 40%, sukari na wanga mwingine 13% hadi 55%, mafuta 1% hadi 13%, madini 2% hadi 6%, na nyuzinyuzi kuanzia chini ya 1% mpaka kufika 20%. Tazama upana wa namba hizo. Ndio ujumbe wenyewe. Mapitio ya mwaka 2000 yaliyokusanya vipimo vya chavua za mimea mingi yalikuta protini ikianzia 2.5% hadi 61%, kutegemea spishi. Mchanganyiko wa kawaida unaoingia mzingani huwa karibu 20% au juu yake kidogo. Mahindi na alizeti viko karibu 15%. Mikaratusi mingi hupita 20%. Kuna mmea wa maua ya buluu wa jamii ya Echium, wa Ulaya na nchi za Mediterania, unaofika theluthi moja. Ukiwa na kopo la 40% mkononi, jua kwamba limesimama kwenye ukingo wa juu kabisa, na uliza limepandaje huko.

Kuna njia mbili za kupanda bila kusema uongo. Maabara haipimi protini moja kwa moja. Hupima naitrojeni kisha huzidisha. Vyakula vingi huzidishwa kwa 6.25, lakini kwa chavua watafiti wengi hutumia 5.6, kwa kuwa si naitrojeni yote iliyomo ni ya protini. Chavua ile ile itasoma 40% kwa hesabu ya kwanza na chini ya 36% kwa ya pili. Njia nyingine ni kutoa hesabu kwa chavua isiyo na tone la maji, ambayo hakuna mtu anayeila. Ukipeleka yako maabara, waulize mambo hayo mawili kabla hujalipa.

Ubora wa protini ni jambo jingine. Mwaka 1953 Mholanzi de Groot alionyesha kwamba nyuki ana asidi amino 10 (matofali ya kujengea protini) asizoweza kujitengenezea, lazima azipate kwenye chavua: arginini, histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Orodha hiyo inakaribiana sana na yetu binadamu, na hapo ndipo sifa ya "chakula kamili" ilipozaliwa. Ni kweli kwamba chavua kwa jumla inazo zote. Si kweli kwamba kila chavua inazo za kutosha. Ya mahindi ina upungufu wa histidini, ya mikaratusi mingi ina upungufu wa isolusini. Nyuki huziba mapengo kwa kuchanganya maua. Ndiyo maana mimi napendelea chavua mchanganyiko ya shamba la Mgiriama lenye minazi, mpera, mahindi na magugu ya uani kuliko ile ya mmea mmoja inayouzwa ghali kwa sababu punje zote zina rangi moja.

Sukari iliyomo ni fruktosi na glukosi kwa sehemu kubwa, na nyingi imetoka kwenye asali ile aliyofinyangia nyuki. Weka hilo akilini, tutalirudia kwa mama.

Mafuta ni kidogo lakini ndiyo yanayobeba rangi. Maua yanayotegemea wadudu hupaka chavua yao utandu wa mafuta unaonata, na ndani yake mna karotini. Punje yenye rangi ya chungwa iliyokolea kwa kawaida ina karotini nyingi kuliko iliyofifia. Beta-karotini peke yake hutofautiana kutoka miligramu 10 hadi 200 kwa kilo, yaani mara 20. Chavua yako ya mnazi, iliyofifia vile, sidhani itasifika kwa hilo.

Vitamini za kundi B zipo, B12 ikiwa nje ya hesabu: B1, B2, niasini, B6, foleti. Vitamini E ipo. C ipo kwenye mbichi, hupungua kwa kukausha na kuweka. B12 hutoka kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa; mtu wa Gongoni anayekula dagaa hana sababu ya kuitafuta kwenye ua. Madini yanaongozwa na potasiamu, kisha fosforasi, magnesiamu na kalsiamu, halafu kwa vipimo vidogo zinki, chuma, manganizi na shaba. Chuma ni miligramu 11 hadi 170 kwa kilo. Inasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba hakuna anayekula kilo. Kijiko kikubwa ni gramu 10 hivi, kwa hiyo chuma ni kati ya miligramu 0.1 na 1.7, na mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama 18 kwa siku. Protini ya kijiko hicho, kwa chavua ya 20%, ni gramu 2. Yai moja lina 6. Chavua ni chakula kizuri, lakini ukiinunua kwa ajili ya protini umenunua protini ghali kuliko zote sokoni Malindi.

Na si yote unayomeza yanayokufikia. Kila chembe imefunikwa ganda la sporopolenini, kitu kigumu mno, hakiozi kirahisi. Wanasayansi huchimba matope ya mikokoni na kukuta chavua ya maelfu ya miaka bado na umbo lake, wakajua miti gani ilikuwepo. Tumbo la binadamu haliwezi kulivunja. Kilicho ndani hutoka kupitia vitundu na mipasuko ya ganda, na kiasi kinachotoka hutegemea mmea. Kuisaga husaidia kidogo, kuiloweka usiku kucha kwenye maji au maziwa lala husaidia pia. Kutafuna punje kavu na kushushia chai ya moto ndiyo njia ninayoipenda kidogo kuliko zote.

Nyuki mwenyewe haihifadhi ikiwa mbichi hivyo. Huishindilia ndani ya sega, akaongeza mate na asali, ikachacha kwa bakteria wale wa maziwa lala, ikawa chachu. Huo tunauita mkate wa nyuki. Ni mzuri, ila kuuvuna ni kuharibu masega, na kwa mizinga minne nisingekushauri.

Uvunaji wa chavua ni kwa mtego: wavu mlangoni wenye matundu yanayomruhusu nyuki kupita huku yakimpangusa mzigo, punje zikaangukia droo iliyo chini. Mitego mingi inayouzwa imetobolewa kwa nyuki wa Ulaya, karibu milimita 5. Nyuki wetu wa pwani ni mdogo, atapita na punje zake na wewe utakuta droo tupu. Tafuta wenye matundu madogo zaidi, ujaribu kwenye mzinga mmoja kwanza, na utazame madume wasikwame. Halafu usiuache siku zote. Kibarua mmoja huhitaji zaidi ya miligramu 100 za chavua mpaka akue. Ukichukua bila kipimo majana, yaani watoto wa nyuki, yatakosa chakula, na nyuki wetu wakiona njaa hawasubiri, wanahama na kukuachia mzinga wenye nondo wa nta. Weka mtego siku mbili tatu, utoe siku kadhaa. Mzinga usio na majana mengi usiuguse kabisa.

Droo imwagwe kila siku, kabla ya jioni. Hapa ndipo wengi wa pwani wanapoharibikiwa. Chavua ina sukari na maji, na hewa yetu ina unyevu; usiku mmoja tu inatosha kuanza kunuka pombe, siku mbili inaota ukungu. Ukungu si suala la sura tu, baadhi yake huleta aflatoxini, sumu ile ile inayotuulia watu kwenye mahindi. Punje zilizoota ukungu zitupwe, zisichaguliwe. Usianike juani: jua kali huua karotini na vitamini, na mchanga wa Gongoni utaingia. Tandaza tabaka jembamba kwenye chujio chini ya kivuli chenye upepo, uzifunike chandarua. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, inawezekana kabisa. Wakati wa masika haiwezekani. Au una kikaushio cha joto lisilozidi nyuzi 40, au unaiweka kwenye friza siku hiyo hiyo na kuiuza mbichi iliyogandishwa, ambayo kwa lishe ndiyo bora. Kiwango cha maji kwa chavua kavu Brazil ni kisichozidi 4%, nchi kadhaa za Ulaya huruhusu 6%. Bila mizani ya unyevu, mimina kiasi kwenye sinia la bati: kavu inalia na kutawanyika, mbichi inatua kimya na kushikana. Halafu bana punje kwa vidole. Ikibonyea, irudishe.

Chagua kwa mkono vipande vya nta, miguu ya nyuki na sisimizi. Na katika matembezi yako ya kilomita 3, tafuta vitu viwili vya hatari. Kwanza, mashamba ya nyanya au pamba yanayopigwa dawa. Sumu hukaa kwenye chavua kuliko kwenye asali, kwa hiyo wiki ya dawa mtego uondolewe. Pili, magugu ya jamii ya Crotalaria na Heliotropium. Chavua ya mimea hiyo ina kemikali zinazodhuru ini zikiliwa mara kwa mara, na huko Ulaya wasimamizi wa usalama wa chakula wameshazikuta kwenye chavua za dukani. Mmea mmoja uani si kitu. Konde zima lililochanua kando ya mizinga ni sababu ya kufunga kazi mwezi huo.

Kwenye kopo andika hivi: Chavua ya nyuki, Gongoni, mwezi na mwaka wa kuvunwa, mimea iliyokuwa imechanua, imekaushwa kivulini au imegandishwa, uzito, na "ina chavua, inaweza kuleta mzio". Asilimia ya protini iandikwe ukishapima yako, na upime tena msimu ukibadilika. Vitamini usiziorodheshe. Neno "inatibu" lisionekane popote; Marekani mwaka 1992 tume ya serikali ya biashara iliibana kampuni moja ya chavua kwa ahadi za namna hiyo, ikalipa dola 200,000. Kabla ya kupeleka dukani, pitia ofisi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, uulize kuhusu alama ya ubora, maana mwenye duka akikaguliwa atakutaja wewe.

Kuhusu mama, pole kwa kuuguza. Chavua haiponyi kisukari. Kwa hesabu tuliyofanya, vijiko viwili vikubwa vya jirani vinaweza kubeba gramu 8 au 10 za sukari kila asubuhi kabla hajagusa chai. Akipenda ladha yake, kijiko kidogo, kilicholowekwa kwenye maziwa lala yasiyo na sukari, na kihesabiwe ndani ya chakula cha siku. Dawa zake asiache hata siku moja. Kama anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, asile mpaka aongee na daktari, kwa sababu imeshaonekana damu ikizidi kuwa nyepesi. Mara ya kwanza asianze na kijiko: punje mbili tatu ulimini, mkiwa pamoja, msubiri mpaka kesho yake. Akiwashwa midomo, akivimba au kifua kikibana, ni hospitali mara moja, msingoje. Na kama ana pumu, au hupiga chafya kila miti ikichanua, asionje kabisa, hata ya mizinga yako.